Majina Chini ya Rangi Nyeupe

Mimi ni mwandika vibao, na nalisema hilo kifua mbele ingawa siku hizi watu wananicheka. Sasa kila mwenye duka anakimbilia kuchapisha turubai la plastiki lenye picha ya mwanamke anayetabasamu, mwanamke ambaye hata dukani hajawahi kukanyaga. Mvua mbili tu, turubai limepauka na yule dada amebaki hana macho. Haya, shauri yao. Kibao changu kipo kwenye jengo la zamani la barabara kuu, juu ya mlango wa kona, mwaka wa thelathini huu, na hakijalegea hata msumari mmoja.

Ni ubao mmoja mrefu wa mbao ngumu. Kila mpangaji aliyeingia duka lile, jina lake nimeliandika mimi. Wa kwanza alikuwa mke wangu, aliyeshona sare za shule na mapazia. Alipofariki, binti yetu akiwa na mwaka mmoja na nusu, akaingia mpiga picha. Baada ya mpiga picha akaja mwuza dawa, mzee asiyejua utani, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mwisho akaja fundi redio, mcheshi, aliyeibembeleza redio mbovu kama mtoto anayekataa uji. Wote wanne sasa ni marehemu.

Mwenye jengo ni bibi anayeishi ghorofani, peke yake, na masikio yake yanasikia hata wewe ukifikiri. Kila mpangaji alipobadilika alinipa sharti moja: nisikwangue. Nipake rangi nyeupe juu ya jina la zamani, ikauke, ndipo niandike jipya. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Akanijibu kwamba mimi kazi yangu ni brashi, maswali niwaachie wenye muda. Nikapaka.

Mwaka huu binti yangu akasema anachukua duka lile afungue saluni. Ana mikono, yule mtoto. Anasuka nywele mpaka unadhani zimeota hivyo zenyewe, na miaka sita alikuwa akiwasukia watu barazani kwetu, jua la mchana likimfuata kila anapohamisha kiti. Nilifurahi nikashindwa kula. Nikajiapiza kwamba kibao chake kitakuwa kazi yangu bora kuliko zote.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa majivuno. Nilipanda ngazi, nikapitisha kiganja juu ya ubao, nikasikia matuta. Rangi juu ya rangi, herufi za watu wanne zimevimba chini ya nyeupe. Mwanangu aandikwe juu ya matuta, mimi baba yake nikiwa hai? Bibi alikuwa amekwenda kwa mdogo wake siku mbili. Nikachukua kisu cha kukwangulia na msasa, nikaanza asubuhi.

Ilitoka nyekundu ya fundi redio. Ikatoka kijani ya mwuza dawa, halafu bluu ya mpiga picha. Saa tisa alasiri nikafika kwenye manjano. Ile manjano niliichanganya mwenyewe, nikiwa kijana, kwa ajili ya mke wangu, na sijawahi kuichanganya tena. Mkono ukasita. Lakini nilikuwa nimeshafika, huwezi kuacha ubao nusu. Nikamalizia. Mbao ikabaki tupu, laini, na juu yake nikaandika jina la binti yangu, nikashuka nikalitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Lilipendeza, nisiseme uongo.

Saluni ikafunguliwa Jumatatu. Jioni, tukiwa mezani, nikamwuliza mambo yalikwendaje.

"Vizuri, Baba. Ila alikuja mzee mmoja hakutaka kunyolewa wala nini. Kaingia, kakaa kwenye benchi, akaanza kuisemesha redio yangu."

"Anaisemeshaje?"

"Anaibembeleza. Anaiambia, tulia basi, nakufungua kidogo tu."

Nikanywa maji, nikamwambia mji huu umejaa watu wa ajabu.

Jumanne akaniambia mzee wa redio amerudi, na amekuja na mwingine, wa miwani yenye kamba, ambaye amezipanga chupa zake zote za shampuu kwa urefu na kumkanya asiziweke juani. Binti yangu alikuwa akicheka. Alidhani ni wazee wa mtaani waliozoea mahali, na mimi, mwoga mkubwa, nikamwacha adhani hivyo. Jumatano ikawa zamu ya bwana mmoja aliyeugeuza uso wa kila mteja kidogo kuelekea dirishani. "Wateja hata hawamjibu," akasema. "Wanajikuna shavu tu, kama wameguswa na nzi."

Usingizi ukanipaa. Nilijua ni nani anayefuata, kwa sababu nilijua nilivyokwangua.

Alhamisi binti yangu hakucheka. Aliingia, akakaa, akanishika mkono juu ya meza.

"Baba, Mama yupo dukani."

Nikamkazia macho.

"Usinitazame hivyo. Picha yake nimeilalia chini ya mto tangu utotoni. Amekaa pembeni, chini ya dirisha, anapinda upindo wa pazia. Ameniuliza kama unakula."

Unafikiri nilikimbilia dukani? Wewe ungekimbia. Mimi miguu ilikataa. Miaka ishirini na sita nimemlilia mtu, halafu naambiwa yupo mwendo wa robo saa, na nikabaki nimekaa nikihesabu maua ya kitambaa cha meza. Niliogopa kumwona, na niliogopa zaidi kufika nisimwone. Nikamwambia binti yangu nitakwenda kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Mwanzoni niliona amenawiri. Alikuwa na mama, mtu ambaye hakuwahi kuwa naye, na kila jioni alinirudia na maneno mapya kutoka kwake. Lakini ndani ya wiki moja nikaanza kuona mambo mengine. Mikono ya binti yangu ilikuwa inasahau. Mezani vidole vyake vilichomoa sindano isiyokuwepo kwenye kola, vikaitumbukiza kwenye mkate. Akinipa chai ananiambia, kwa sauti kavu, moja asubuhi na moja jioni, baada ya chakula. Nikimwita, anageuza uso wangu kwenye mwanga kwanza kabla hajaitika.

Mteja wake wa siku zote, mke wa mwuza mkaa, akanisimamisha barabarani. Alikuwa amejifunika kitambaa. Akakifunua akanionyesha kichwa: nusu kimesukwa vizuri ajabu, nusu nywele zimesimama.

"Alifika katikati akasimama," akaniambia. "Akatazama vidole vyake, akaniuliza, hivi mimi nilikuwa nafanya nini? Fundi, mimi sina ugomvi naye. Lakini mle ndani kuna ubaridi, na benchi ni tupu ila ukitaka kukaa unaona haya, kama umemkalia mtu. Mtoe mwanao mle."

Nilijaribu. Nilimsihi, nikamfokea, siku moja nilificha hata ufunguo. Akanitazama kwa macho ambayo hayakuwa yake yote, akasema duka lina watu, haliwezi kufungwa. Akaenda bila ufunguo, na mlango nikauona wazi kutoka ng'ambo ya barabara.

Bibi alikuwa amesharudi siku nyingi. Nikapanda kwake ghorofani, nikamwamkia, nikakiri kila kitu kabla hajauliza. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na hakuacha.

"Niliona ubao siku ileile niliyorudi," akasema. "Nikasema ngoja, atakuja mwenyewe. Kichwa ngumu ukimfuata anazidi."

"Ni akina nani wale, bibi?"

"Unawajua, umewaandika wewe. Mtu akifungua duka lile kila siku ya maisha yake, akifa hana pengine pa kwenda. Jina lake likifunikwa, analala chini yake, hamsumbui mtu. Wewe umewafunua wote, umewatupa nje. Ulitaka wakakae wapi? Wameingia ndani. Na ndani kuna mikono miwili tu ya kufanyia kazi, ya mwanao."

"Nifanyeje?"

"Warudishe mahali pao. Jina, nyeupe, jina, nyeupe, kama walivyoingia. Ukikosea mpangilio hawatalala. Na la mtoto usiliandike tena pale. Andika saluni, inatosha."

Nikashuka ngazi zile nikiwa na hasira, sijui ya nani. Kama walivyoingia, maana yake nianze na mke wangu. Hakuna njia ya kumlaza mpiga picha na wale wazee nikambakiza yeye, hata siku moja zaidi, hata nione kivuli chake tu kwenye kioo cha dirisha. Yeye ndiye wa chini kabisa. Nilikaa kwenye kibaraza cha jengo nikalia waziwazi, watu wakapita wakijifanya hawaoni.

Nilichelewesha siku mbili. Nasema ukweli kwa sababu nimechoka kuuficha. Siku ya pili binti yangu alirudi nyumbani asubuhi ileile, akanikuta uani nakoroga rangi. Akanisalimia vizuri, kwa adabu, kisha akaniuliza mimi ni nani na kama nimekuja kuchukua picha au dawa.

Basi. Nikabeba ngazi.

Alinifuata. Njiani akili ikamrudia, akayaona makopo ya rangi, nyeupe na manjano, akaelewa. Akanishika shati mbele ya watu. "Usimfunike, Baba. Ndiyo kwanza nampata. Niache hivi nilivyo, mimi sijalalamika." Nikamwomba mke wa mwuza mkaa, ambaye kwa bahati alikuwa anapita, amshike, na yule mama ana nguvu. Wakasimama ng'ambo ya barabara, mmoja akilia, mwingine akimkumbatia kwa nguvu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, magari yanapita. Nikaegemeza ngazi ukutani bila kutazama ndani ya mlango. Nikakwangua jina la binti yangu. Nikachovya brashi kwenye manjano na nikaanza kuandika jina la mke wangu.

Zamani, kabla hatujazaa, ni yeye aliyekuwa akinishikia ngazi. Hakuwa na mkono mzito, alishika kwa vidole tu na kuegemeza goti kwenye kidato cha chini, na akichoka aliguna kidogo, mara mbili, kunihimiza. Tangu afe nimepanda ngazi ambazo hazijashikwa na mtu, nimezoea zinavyocheza. Nilipofika herufi ya tatu, ngazi iliacha kucheza.

Ubaridi ukanipanda kutoka kwenye visigino. Kulikuwa na goti kwenye kidato cha chini. Nilijua ukubwa wake. Nikashika ubao kwa mkono wa kushoto mpaka kucha zikauma, nikaandika herufi ya nne, kisha ya tano. Sijawahi kuandika vizuri vile. Chini yangu mtu akaguna kidogo, mara mbili.

Jina likakamilika. Shingo yangu ilitaka kugeuka yenyewe, ilibidi nipige paji la uso kwenye mbao niizuie. Ningetazama chini mara moja tu, ningeshuka, na nikishuka nisingepanda tena, najijua. Nikangoja manjano ishike. Nikazungumza naye bila kugeuka, kwa sauti ndogo. Nilimwambia nakula. Nilimwambia mtoto amekuwa mtu mzima, ana mikono kama yake, na naomba aniachie hiyo mikono. Nikafungua nyeupe.

Nilimfunika taratibu, herufi moja moja, na kila herufi ilipopotea mshiko ukalegea. Ya mwisho ilipozama kwenye nyeupe, ngazi ikatikisika, kidogo ianguke nami. Nikashikilia. Kisha nikawaandika wengine, siku nzima, jina na nyeupe, jina na nyeupe, nao wakaondoka bila maneno. Juu ya wote nikaandika saluni, kwa herufi nyeusi za kawaida ambazo mwanafunzi yeyote angeziandika.

Niliposhuka binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, macho yamevimba. Mke wa mwuza mkaa alikuwa amekaa chini mbele yake, na binti yangu alikuwa akimalizia ile nusu ya kichwa. Vidole vilikwenda mbio, havikusita hata mara moja. Nikakaa karibu naye, rangi imenikauka usoni. Akafunga msuko wa mwisho, na yule mama akashukuru akaenda zake.

"Hukumtazama," akasema.

"Sikumtazama."

"Alishika ngazi mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa ameinua uso, Baba. Alikuwa anangoja ugeuke."

"Najua, mama," nikamwambia. "Najua."