Uso wa Mpiga Pasi

Mpiga pasi hakuwahi kuonja pombe. Baba yake alikuwa ameinywa kwa niaba ya ukoo mzima, mpaka ini likamkataa, akazikwa na mashavu mekundu kama mtu aliyepigwa makofi. Kwa hiyo mashavu ya binti yalipoanza kuiva, mama yake, aliyekuwa akiishi naye, hakuuliza kitu. Alianza tu kula peke yake.

Kule kwa dobi alikofanya kazi, mvuke wa pasi ulimpanda usoni tangu asubuhi. Ngozi yake ya maji ya kunde iliwaka kama iliyopakwa pilipili. Vipele vikamtoka puani na mashavuni, na macho yakawa mekundu, yanakwaruza kama yameingia mchanga. Muuza vipodozi akamwambia ni chunusi za ukubwani, akampa krimu. Uso ukatulia. Alipoacha kuipaka, moto ulirudi na ndugu zake wote.

Siku moja msimamizi alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Hebu nipulizie."

Akampulizia.

"Sisikii harufu."

"Kwa sababu sijanywa, bosi."

"Basi umepata ile isiyonuka."

Wenzake wakacheka. Msimamizi hakucheka. Alimwambia wateja wanauona uso ule kila wakija kuchukua mashati, hivyo apumzike nyumbani mpaka aitwe. Hakuitwa tena.

Alikaa ndani akijipaka krimu ile ile, kwa kuwa ndiyo pekee iliyomsaidia, hata kidogo. Jicho la kushoto lilipoanza kuona ukungu ndipo alipokwenda hospitali.

Daktari wa ngozi, mama wa makamo, alimgusa shavu kwa mgongo wa kiganja.

"Ukinywa chai ya moto uso unawaka?"

"Unawaka. Juani ndiyo usiseme."

"Hii ni rosasea, dada. Si chunusi. Haiambukizi, na si alama ya ulevi. Pombe huichochea kwa baadhi ya watu, lakini wengi wanayo na hawajagusa hata tone. Joto, jua na pilipili pia huiamsha. Mara nyingine hurithiwa katika familia."

"Inapona?"

"Inatulizwa. Ila hiyo krimu imeizidisha, tutaiacha."

"Na jicho?"

Daktari alimaliza kuandika dawa kwanza. "Rosasea huingia machoni pia. Jicho lako limeshapata kovu. Mwenzangu wa macho atakuangalia, lakini sitakudanganya."

Nyumbani alimweleza mama yake neno kwa neno. Mama alisikiliza huku akikunja kanga.

"Baba yako naye kila akirudi alikuwa na maelezo," alisema, akaingia chumbani kwake.

Dawa zilifanya kazi polepole. Vipele vikanywea, wekundu ukafifia. Jicho halikurudi. Siku moja alipokuwa ameketi kivulini uani, jirani alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Hongera, mwenzangu. Mama yako ametuambia umeacha kunywa. Si kazi ndogo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe. Alikuwa amewapikia wote wawili, sahani mbili ziko mezani.

Mpiga pasi alitaka kusema. Alimtazama mama yake kwa jicho lililobaki.

"Asante," alimjibu jirani, akaingia kula.