Mstari wa Kumi na Moja

Mume wangu alikuwa mpimaji wa visima. Miaka ishirini na sita alishusha kamba yenye alama ndani ya visima thelathini na viwili, akaandika maji yako kina gani, kisha nyumbani akaingiza vipimo kwenye kompyuta ya ofisi. Mungu alipomchukua, ripoti yake ilikuwa imebakiza jedwali moja.

Wiki ya saba ofisi ilipiga simu: dereva angefika kesho yake saa sita mchana kuchukua kompyuta. Jedwali likitoka kabla ya hapo, ripoti ingekwenda kwa jina la marehemu. Lisipotoka, mkuu mpya angeimaliza na kuweka jina lake. Aliyepiga simu alinieleza hayo kwa upole sana, nikamshukuru.

Baada ya sala ya asubuhi nikampigia binti yangu. Amefuata kazi ya baba yake, lakini anaishi mbali, siku mbili za safari. Nikaweka simu mezani, sauti juu.

Kosa la kompyuta tulishalijua. Wiki ya msiba shemeji yangu aliketi pale akasema anaisafisha kompyuta ya kaka yake, akazipandisha maktaba zote kuwa mpya. Maktaba hizi si za vitabu. Ni hesabu ambazo wataalamu wengine wameshaziandika, nawe programu yako inaziazima. Kila moja ina namba ya toleo, na mpya haielewani na programu ya zamani. Tangu siku hiyo programu ya marehemu ya kutengeneza majedwali iligoma.

“Baba mdogo angeisafisha kwa dekio tu,” binti alisema, “tungepata hasara ndogo.”

Sikucheka. Siku hizi kicheko nakisikia kama kiko kwa jirani.

Nikatoa daftari. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mume wangu alifungua dirisha jeusi lile lisilo na picha, la kuandika amri tu, nami nikamsomea orodha: jina la maktaba, namba ya toleo. Yeye akatazama kwenye kioo, akajibu, “Ipo.” Kama mwalimu anayeita mahudhurio, ila hapa mwanafunzi ndiye aliyeita. Mimi niliishia darasa la saba. Maana sikuijua, lakini herufi ni herufi na namba ni namba.

“Pe, i, pe,” binti alinitajia herufi za amri. “Halafu nafasi.”

Nikachapa kwa kidole kimoja. Jina, alama ya sawasawa mara mbili, namba, nukta, namba. Maktaba kumi na nne. Kila moja ilishuka polepole, mpya ikaondolewa, ya zamani ikakaa mahali pake. Nilingoja bila haraka. Kungoja nimekuzoea.

Saa tano na robo tukaiendesha programu. Ikaenda kidogo, ikasimama, maneno mekundu yakajaa. Binti akanitaka nimsomee mstari wa mwisho. Ulitaja maktaba ya kumi na moja.

“Namba umechapa sawa, mama?”

“Kama ilivyoandikwa.”

Nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kukata tamaa kwa adabu. Ndipo nikaona nukta ya penseli pembeni ya mstari ule. Niliiweka mwenyewe, kama mwalimu wetu alivyomwekea mtoto asiyefika.

Nikamweleza. Jumamosi ya mwisho, nilipousoma mstari ule, baba yake hakujibu “ipo”. Alichapa kitu, akaniambia toleo hilo jipya limemvuruga, analirudisha nyuma hatua moja, daftari atalirekebisha Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo alikuwa kaburini.

“Nyuma hatua moja,” binti alirudia. “Chapa, mama. Punguza moja namba ya mwisho.”

Nikapunguza.

Safari hii programu haikusimama. Visima vikateremka kwenye kioo kimoja kimoja, thelathini na viwili, na juu ya jedwali likakaa jina la mume wangu. Binti akanipa amri ya kulituma, akasema limefika. Akauliza kama jina nimeliona. Nikasema nimeliona. Nilidhani sasa nitalia. Nikangoja kidogo, sikulia. Nikaenda kuosha kikombe.

Niliporudi alikuwa bado kwenye simu, analia yeye. Nikamwacha amalize. Kisha nikafuta nukta, nikaandika namba sahihi, nikamsomea mstari wa kumi na moja, jina na toleo.

Nikasikia anapenga kamasi.

“Ipo,” akasema.

Dereva alipofika nilikuwa nimeshakunja waya. Akabeba kompyuta, akaliona daftari mezani, akauliza kama nalo ni la ofisi.

“Hapana, baba,” nikamwambia. “Hilo ni la kwangu.”