Siku Kumi na Nne za Mtajwa

Bwana Utumishi alipostaafu, ofisi ilimpa saa ya ukutani, picha ya pamoja na makofi. Makofi yalirefuka kupita kawaida, na yeye akadhani ni mapenzi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa afisa utumishi, kazi yake kuajiri, kuonya na kuwamwagisha watu unga, na hata jina hilo la utani alipewa na watu aliowaandikia barua.

Kesho yake aliamka saa ileile, akachomekea shati, akatoka sebuleni kutafuta watumishi. Alimkuta mmoja tu, mke wake.

Mke alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu, na stuli moja ya mteja. Alishona sare za shule, na alikuwa na wateja aliowashonea tangu chekechea hadi wakaleta watoto wao. Bwana Utumishi alikalia ile stuli. Alipanga nyuzi kwa rangi, siku ya pili akazipanga upya kwa tarehe ya kununuliwa. Mteja akibisha hodi, anaulizwa kama ana miadi. Mke akinywa chai, mume anatazama ile saa ya ukutani. Mwezi wa kwanza mama wa watu alimeza. Mwezi wa pili alisaga meno. Mwezi wa tatu alijidunga sindano kidole gumba kwa sababu mtu alikuwa amesimama nyuma yake akimfundisha kupinda pindo.

"Dada, huyo mtafutie wa kumsimamia," mdogo wake alimshauri. Mdogo mtu huyo aliuza katika duka la dawa na alikuwa na jibu la kila ugonjwa. "Asipopata, atakumaliza wewe."

Ndipo mteja mmoja, ambaye jike lake la mbwa wa kizungu wale wadogo lilikuwa limezaa, akaja kupimwa gauni akiwa na boksi la viatu. Ndani yake kulikuwa na kijibwa cheupe cha wiki tisa, manyoya yamemfunika macho, wa aina ambayo hata akikomaa haimfikii mtu magotini. Fundi alimchukua bila kuuliza mara mbili. Alikuwa na hesabu zake: mzee apate wa kumwamrisha, na yeye apate kushona.

"Nani amemwajiri?" Bwana Utumishi aliuliza.

"Mimi."

"Nafasi ilitangazwa?"

Mke alicheka, akidhani ni utani. Katika ndoa ya miaka yote ile, sijui nani alimwambia kuwa mume wake anajua utani. Mzee alishavuta droo na kutoa jalada jipya.

"Kipindi cha majaribio, siku kumi na nne," alitangaza. "Akishindwa, anarudi alikotoka."

"Basi tumpe jina."

"Jina la nini, na hajathibitishwa kazini? Kwa sasa ni mtajwa."

Mtajwa alijibu kwa kukojolea mkeka.

Fundi hakujua mambo ya mbwa, lakini alifuata maelekezo ya mteja wake kama anavyofuata vipimo. Alililaza boksi ubavu, pembeni mwa cherehani, akatandika kitambaa chenye harufu ya mama mbwa. Chakula kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Akimaliza kula, akiamka tu, anabebwa mbio hadi kwenye nyasi za uani, na akifanya yake pale anasifiwa papo hapo mpaka majirani wanachungulia. Hakuna kumpigia kelele, hakuna kumwacha aruke kutoka kwenye kochi, maana mifupa yake ni laini. Mngurumo wa cherehani ulimtia kiwewe siku ya kwanza, akajificha chini ya kabati akitetemeka mwili mzima. Basi fundi akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na kila mzunguko na punje ya chakula. Kufikia siku ya sita cherehani ilinguruma na Mtajwa akakoroma pembeni ya kikanyagio.

Bwana Utumishi aliandika: kulala mahali pa kazi.

Aliandika kila kitu, huyo. Barua ya kwanza ilikuwa "Yah: Kukojoa Eneo Lisiloruhusiwa", nakala tatu: moja jaladani, moja mlangoni mwa friji, moja kwa mhusika. Mhusika aliitafuna. Ikafuata "Yah: Kuharibu Nyaraka". Ikafuata ya kulia akiachwa peke yake, ya kuburuta soksi ya msimamizi, na ya kumtazama msimamizi kwa dharau, ingawa kwa manyoya yale hakuna binadamu aliyewahi kuyaona macho yenyewe.

Mke aliziona barua zikipandana pale frijini na kuzichekea. Kicheko kilimkauka siku ya kumi na moja. Alasiri hiyo Mtajwa aliweka kidevu juu ya mguu wake, ule wa kukanyagia cherehani, akalala. Fundi hakukanyaga. Alikaa nusu saa nzima, sketi ya mtoto wa watu mikononi, hana anachofanya, na moyo umemjaa. Alimpenda yule kiumbe, na hakuona haya kujiambia hivyo. Akiwa katika raha hiyo alisikia mume wake akiongea na simu ukumbini.

"Barua sita. Kwangu mtu alikuwa anaondoka na tatu. Siku ya kumi na nne, mchana, uje umchukue."

Yule mteja aliyemleta naye hakuwa na pa kumweka. Alikuwa ameshasema: akirudi, atapelekwa kwa mwenye gereji, na kwa huyo mbwa hukaa kwenye mnyororo. Fundi alimfahamu mzee wake. Hakuwahi kufuta barua hata moja, hata ile aliyomwandikia mtu aliyekuwa amelazwa hospitali, kwa kosa la kutoonekana kazini. Kumlilia ilikuwa kazi bure. Aliwaza siku mbili, jioni ya pili akafungua droo, akachomoa fomu moja ya tathmini, akafunga mlango wa chumba cha mbele kwa mara ya kwanza tangu mume astaafu.

Siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi, kamati ya nidhamu iliketi kwenye meza ya chakula. Mwenyekiti alikuwa Bwana Utumishi, amefunga tai. Mjumbe alikuwa shemeji yake wa duka la dawa, aliyeitwa ili akidi itimie. Mtajwa alikuwa chini ya meza akishughulikia kamba za kiatu cha mwenyekiti.

"Kabla hujaamua, naomba nisome muhtasari wa mwenendo," mke alisema. "Nimeujaza kwenye fomu yako."

Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. "Umeona, shemeji? Hatimaye ameelewa taratibu."

Mke alivaa miwani. "Tangu aripoti nyumbani, mtumishi hawezi kuachwa peke yake hata dakika kumi bila kulalamika. Mtu akienda jikoni, yuko nyuma. Akienda uani, yuko nyuma. Akiingia bafuni, yuko mlangoni."

"Kweli tupu. Nimeshuhudia."

"Anavuruga vifaa. Mkasi wa kukatia ulipotea siku mbili."

"Hilo sikulipata! Endelea."

"Anakalia stuli ya wateja. Anawabughudhi. Wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine."

"Mbwa mzima anafukuza riziki!"

"Chakula kikichelewa, ananung'unika. Chooni hakosi kumwaga pembeni, na wa kupangusa ni mwingine. Hajawahi kusema asante."

"Hilo la asante lifute," mwenyekiti alisema, "mbwa hasemi. Mengine yote nayakubali." Alivuta fomu ikiwa wazi ukurasa wa mwisho, akaandika kwa mwandiko wake wa miaka thelathini na mmoja: Mtumishi hafai. Aondolewe. Akasaini, akatia tarehe.

Shemeji alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Mke alinyoosha mkono, akafunua ukurasa wa mbele. Jina la mtumishi lilikuwa pale kwa herufi kubwa, jina la mwenyekiti, kamili, na la baba yake na la babu yake. Tarehe ya kuripoti ilikuwa siku ile aliyochomekea shati na kutoka sebuleni.

Bwana Utumishi aliisoma mara ya kwanza, akafuta miwani, akaisoma tena. Alitafuta kosa la utaratibu juu hadi chini na hakulipata, fomu ilikuwa imejazwa vizuri kuliko nyingi alizowahi kupokea.

"Wateja wawili?" aliuliza, sauti imepungua.

"Wawili. Mmoja nilimshonea hadi sare ya kwanza ya mtoto wake." Mke alikuwa amepanga kucheka hapa, akajikuta amekasirika. "Huyu mbwa ana siku kumi na nne, keshajua pa kwenda haja na keshajua ninapofanya kazi asinisumbue. Wewe una miezi mitatu."

Shemeji aliuteremsha mtandio, maana kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mtumishi aliyetiwa hatiani," mzee alisema polepole, kwa kuwa ndiyo lugha pekee aliyokuwa nayo, "ana haki ya kukata rufaa."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba... kwa mamlaka iliyo juu yake." Alimtazama mke wake.

"Na mbwa, dada?" shemeji alinong'ona.

"Mbwa amethibitishwa kazini. Mpigie yule mteja, mwambie asije." Mke alimwokota Mtajwa chini ya meza, akaingia naye chumba cha mbele, na punde cherehani ikaanza kunguruma.

Bwana Utumishi alivuta karatasi nyeupe. Aliandika tarehe, akaandika "Kwako mke wangu", akaandika "Yah" na nukta mbili zake, kalamu ikakwama hapo. Barua za kuonya alikuwa ameziandika kwa maelfu, za kuomba hakuwahi kuandika hata moja. Baada ya robo saa alinyanyuka, akaenda hadi mlango wa chumba cha mbele, na kwa mara ya kwanza akabisha hodi.

"Mama," alisema akiwa nje, "hivi mtu akiomba, lile neno tafadhali linakaa mwanzoni au mwishoni?"