Sheria ya Kidole

Mama Rula hakuwa mtu wa kubembeleza picha. Miaka thelathini na nane alifundisha uchoraji shuleni, na jina hilo wanafunzi walimpa kwa sababu rula haikumtoka mkononi, hata sokoni alikwenda nayo. Alipostaafu, ofisi ya utamaduni ya mji ikamwomba kimya kimya aongoze majaji wa maonyesho ya sanaa ya kila mwaka. Akakubali, na siku ya kwanza tu akaweka sheria mbili zilizowaudhi watu wote.

Ya kwanza ilikuwa ya siri. Picha zinakuja na namba. Jina la mchoraji linakaa ndani ya bahasha iliyogundishwa, na haifunguliwi mpaka kura ziishe. Majaji nao wasijulikane, hata maonyesho yakishafungwa. Na siri ni siri, si ile ya kumnong'oneza mwenzio ukamwambia usimwambie mtu. Hata mumeo usimwambie! Yeye mwenyewe mwaka wa nne sasa alikuwa akimwambia mumewe kwamba wiki hiyo ana vikao vya chama cha wastaafu, na mzee wa watu akaitikia, haya, wasalimie wastaafu wenzio.

Ya pili ndiyo hiyo iliyoitwa sheria ya kidole. Ukiikataa picha, huruhusiwi kusema "sijaipenda" halafu ukakaa kimya na chai yako. Unanyanyuka, unakwenda mpaka kwenye picha, unaweka kidole pale penye kasoro, wenzio waione. Huna pa kuweka kidole, basi huna haki ya kukataa. Alikuwa amechoka, alisema, na watu wanaotupa kazi ya mtu kwa sababu tu wana njaa.

Majaji walikuwa watatu, wamekaa katika ukumbi wa maktaba, mezani kuna kitambaa cha kijani chenye doa la wino na juu kuna feni inayokoroma. Kulia kwa Mama Rula aliketi Mchongaji, jitu la miraba minne lililozoea kuongea na magogo, kwa hiyo maneno yake yalikuwa machache. Kushoto alikuwa Mpigapicha, mwenye studio ya picha za pasipoti, na huyo mdomo wake haukujua likizo. Katibu wa utamaduni ndiye aliyezitoa picha stoo moja moja, akaziweka kwenye stendi, akatazama saa yake. Dakika moja ya kimya, kisha kila jaji ananyanyua kadi: nyeupe iingie, nyekundu itoke. Picha zilikuwa mia moja na nne, na kuta zilikuwa na nafasi ya arobaini.

Asubuhi ilikwenda kwa vicheko. Namba thelathini na moja ilikuwa jagi la maua, na Mpigapicha akanyanyua nyekundu.

"Mbaya tu hii," akasema.

"Kidole," akasema Mama Rula.

"Lakini mama, hata kipofu—"

"Kidole, baba. Usituchoshe."

Akajikokota mpaka kwenye stendi, akakuna kichwa, kisha akagusa chini ya jagi. "Kivuli hiki kinaelekea dirishani. Jua lake linatokea wapi, kabatini?" Wote wakacheka mpaka Katibu akafuta macho, na jagi likarudi stoo.

Basi, baada ya chai, ikaletwa namba hamsini na saba.

"Dakika yenu," akasema Katibu.

Lahaula! Mama Rula alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Ilikuwa picha ya mwanamume aliyelala kwenye kochi mchana. Mwanga umepita kwenye pazia jekundu, umemwangukia nusu ya uso. Mdomo uko wazi kidogo, mkono mmoja umening'inia karibu uguse sakafu. Amevaa sweta la buluu iliyokolea. Mguu mmoja una soksi, wa pili hauna. Nyuma yake ukutani, kwenye henga, kumetundikwa sketi ya shule iliyopigwa pasi.

Mwanamume yule alikuwa mumewe.

Duniani wawili wawili, akajiambia upesi. Mbona watu hufanana! Juzi tu si alimwita mtu kwa nguvu benki, kumbe si yeye? Mumewe ni mpima ardhi, Jumatatu ameaga anakwenda porini kupima mipaka, wiki mbili, huko simu hazishiki. Ndivyo ilivyo kila mwezi, mwaka wa ishirini huu. Mtu aliye porini hawezi kulala kwenye kochi la watu. Na wao nyumbani kwao hawana kochi la namna hiyo, hawana pazia jekundu, na watoto wao ni wawili, wote wa kiume, wameshaota ndevu na kwenda zao. Sketi ya nani ile?

"Kadi," akasema Katibu.

Mchongaji alinyanyua nyeupe juu kabisa, akasema, "Hii ndiyo picha ya mwaka." Mpigapicha akanyanyua nyekundu. Mama Rula hakunyanyua kitu.

"Haya, kabla hujanifukuza, nakwenda mwenyewe," akasema Mpigapicha, na safari hii hakukuna kichwa. Akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye miguu ya yule mtu. "Hapa. Mchoraji amesahau soksi. Amechora moja, akaenda kula, aliporudi akasahau ya pili. Kazi haijakamilika. Kanuni zenu zinasema kazi iwe imekamilika, au nimekosea?"

"Hajakosea," akasema Katibu kwa huzuni, akapekua kanuni. "Ikiwa ni kusahau kweli."

"Kura zimelingana," akasema Mchongaji. "Imebaki kura yako, mama."

Hapo ndipo Mama Rula alipoona mlango umefunguliwa mbele yake bila kuubisha. Mlango mpana! Kasoro imeshapatikana, na si yeye aliyeitafuta. Anyanyue nyekundu, picha irudi stoo, bahasha irudishwe haijafunguliwa, na hakuna mtu atakayejua, leo wala kesho. Akinyanyua nyeupe, Jumamosi mji mzima utapita mbele ya mumewe aliyelala fofofo katika nyumba ya watu. Walimu wenzake watapita. Mashemeji watapita. Wanawe wote wawili wameshaahidi kuja. Nyekundu tu, na aibu yote imekwisha.

Lakini soksi ile haikusahauliwa. Yeye alijua. Mumewe, tangu usiku wa kwanza wa ndoa yao, hajawahi kulala na soksi mbili wala bila soksi. Lazima avue moja, ya kushoto, na ukimwuliza kwa nini anakwambia mguu mmoja una joto. Duniani wawili wawili, sawa, lakini wawili wanaovua soksi ya kushoto?

Akanyanyuka. Akaenda mpaka kwenye stendi, kidole mbele, huku moyoni akiomba: nipate kasoro, nipate kasoro moja tu ya kweli, niitoe kwa haki. Akaanza juu. Paji la uso lilikuwa sawasawa. Sikio lilikuwa na kile kikovu cha mumewe cha msumari. Akashuka kwenye mkono ulioning'inia. Mikono huwashinda wengi, hata yeye mwenyewe humshinda, lakini ule ulikuwa mzito wa usingizi, ukiutazama unataka kuunyanyua uuweke vizuri kifuani. Akafika kwenye kiwiko cha sweta. Hapo kidole kikasimama. Kiwiko kilikuwa kimetiwa kiraka, na uzi wa kiraka haukufanana na uzi wa sweta, kwa sababu siku alipokishona yeye mwenyewe uzi wa buluu ulimwishia akamalizia na wa kijivu. Sweta hilo mume alisema amelisahau kwenye basi. Na yeye, mjinga wa watu, alimpa pole!

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakusema kitakuja kimechorwa vizuri namna hii.

"Umepaona?" akauliza Mpigapicha. "Si nilisema?"

"Hakusahau," akasema Mama Rula. "Wapo watu hulala hivyo. Soksi moja."

"Nani huyo analala na soksi moja? Umejuaje, mama?"

Mama Rula akaigeukia picha. Maisha yake yote aliwafundisha watoto kwamba picha mbaya ni ile inayodanganya, na hii mbele yake ndiyo iliyokuwa imemwambia ukweli, miaka ishirini, hakuna mtu mwingine aliyemwambia. Angeweka wapi kidole? Alirudi mezani, akaokota kadi nyeupe, akainyanyua.

Picha arobaini na saba zilizobaki alizihukumu huku macho yake yamejaa ukungu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: wangapi wametoka maonyesho yale wanalia kwa sheria zake, naye akasema kikaoni sheria haina shangazi!

Saa kumi na moja jioni kura zikaisha. Katibu akachana bahasha, akawa anasoma majina na Mchongaji anaandika. Akafika hamsini na saba.

"Msichana, miaka kumi na sita," akasoma. "Jamani, kumi na sita! Kichwa cha kazi, *Jumapili*. Makazi, ng'ambo ya reli. Na kwa kuwa hajafikisha miaka kumi na nane, fomu imetiwa sahihi na mzazi wake, Bwana—"

Akamtazama Mama Rula, akaitazama karatasi tena, kisha akaisukuma juu ya kitambaa cha kijani.

Jina lilikuwa la mumewe. Sahihi ilikuwa yake, ile yenye mkia mrefu, iliyokuwa ikikaa chini ya ripoti za shule za wanawe. Ng'ambo ya reli! Mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na ukiwahi kabla treni haijapita, kumi na tano. Miaka ishirini anamfungia mtu maandazi ya safari, anamtilia dawa ya mbu kwenye begi, anamwombea dua asiumwe na nyoka, kumbe pori lenyewe liko nyuma ya stesheni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilizidi. Labda alitia sahihi akidhani kazi ya mtoto haitachaguliwa, lakini angejua kwamba mkewe ni jaji, mwanamume yule angekata vidole vyake kuliko kutia sahihi. Hakujua. Mkewe mwenyewe ndiye aliyetunga sheria asijue.

Feni ilikoroma. Wenzake wawili wakalisoma jina wanalolijua kuwa la mumewe, na Mchongaji akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema taratibu, "stoo ile ina picha mia moja na nne. Moja ikipotea, nani atauliza?"

"Mimi nirudie tu ile habari ya soksi," akasema Mpigapicha, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na utani. "Niseme niliisisitiza. Nilaumiwe mimi."

"Nyamazeni!" Mama Rula alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Mtoto wa watu ana miaka kumi na sita, anachora mkono namna ile, nyinyi mnataka kumpoteza stoo? Kakosa nini yeye? Kamchora baba yake amelala, basi. Baba yake!" Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. "Miaka thelathini na nane nilikuwa nikimtafuta mwanafunzi kama huyu. Wanangu mwenyewe hawawezi kuchora kikombe. Na alikuwa ng'ambo ya reli, anakula chakula kimoja na mume wangu!"

Katibu alimletea maji, akayanywa yote, akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha meza. Waliochaguliwa hupigiwa simu kesho yake, na mwenyekiti ndiye hupiga. Akaivuta simu ya ofisi pamoja na ile fomu yenye namba.

"Huyu nampigia leo," akasema.

Iliita mara tatu. Ikapokelewa na mwanamume, sauti imelegea, sauti ya mtu aliye kwake.

"Halo? Nani mwenzangu?"

"Kamati ya maonyesho ya mji."

Upande wa pili zilisikika pumzi za haraka haraka. Nyuma yake sufuria ilifunikwa, na mwanamke akauliza ni nani.

"Wewe?" mwanamume akanong'ona. "Mama watoto, ni wewe? Umepata wapi namba... Ngoja, ngoja nikueleze, mimi—"

"Mpe simu mwenye kazi."

"Nisikilize kwanza, tafadhali—"

"Nimesema mpe simu mwenye kazi."

Kulisikika hatua za mbio, kisha sauti nyembamba iliyokuwa imeshaanza kutetemeka. "Shikamoo. Mimi ndiye mchoraji."

Mama Rula alifumba macho. Hakuwa amefikiri juu ya shikamoo. Kisha akaitoa sauti yake ya darasani.

"Marahaba. Picha yako imechaguliwa. Usije ukaomba kuigusa tena, umesikia? Usiongeze kitu. Ule mkono uache vile vile."

Binti alipiga kelele ya furaha mpaka Mchongaji akaisikia kutoka mwisho wa meza. Kisha kukawa na mnong'ono, mkali, wa mtu mzima, na binti aliporudi furaha ilikuwa imechanganyika na woga.

"Samahani, mwalimu. Baba anauliza kama ni lazima itundikwe pale watu watakapoiona. Anasema labda ikae pembeni kidogo."

"Mwambie baba yako," akasema Mama Rula, "nimeipa ukuta wa mlangoni. Kila anayeingia ataiona hiyo kwanza."

Akaweka simu chini, akachukua rula yake, akanyanyuka kwenda kupima ukuta wa mlangoni.