Korongo wa Ndevu

Mwaka 1956 Iringa mjini palikuwa na wanaume watatu ambao watu waliwaona hawana kazi ya kufanya. Walikuwa na chama cha kutazama ndege. Si kuwinda, la, kutazama tu, kisha kuandika kwenye daftari na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mkuu wao alikuwa Mwalimu Filemoni, aliyeachiwa darubini na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Wa pili alikuwa Makame, mwenye lori. Wa tatu ni Zubery, fundi cherehani wa Kihesa, na huyo ndiye mume wa Waridi.

Waridi, au Mama Alawi kwa jina la mwanawe, aliwapikia chai kila walipokutana. Yeye alizaliwa Usangu, upande wa Rujewa, na mpaka siku ya kuolewa kazi yake ilikuwa kukata milulu, zile nyasi ndefu za majini wanazosukia vikapu. Siku moja akiwa anamimina chai, alimsikia Filemoni akisema kwamba korongo wa ndevu, yule mkubwa mwenye vinyama viwili vinavyoning'inia kidevuni, hazalii pande hizi. Waridi akaweka birika chini.

"Mbona anazalia kwetu? Kila kiangazi, maji yakipungua. Mimi nimemwona na kinda lake, karibu kama hapo mlangoni."

Filemoni akatabasamu vile walimu wanavyotabasamu mtoto akikosea hesabu. "Mama Alawi, padri alimtafuta ndege huyo na kinda lake miaka sita. Hakuwahi kumkaribia hata mara moja."

"Shemeji huyu anatia chumvi mpaka kwenye chai," Makame akasema, na wote wakacheka. Zubery naye alicheka. Hakucheka sana, lakini alicheka, na hilo ndilo lililomchoma Waridi.

"Basi nipelekeni," akasema. "Nisipowaonyesha, nitawapikia chai mwaka mzima na mdomo wangu hamtausikia. Nikiwaonyesha, jina langu liingie kwenye daftari lenu, niwe mwanachama kama nyinyi."

Filemoni alikubali haraka, maana hakuona hatari yoyote. Hata wiki haikuisha, Kihesa nzima ilikuwa na habari hiyo. Bombani wanawake walimuuliza kama na yeye ameanza kuota ndevu. Waridi alicheka nao, akajitwika ndoo yake, na njia nzima alikuwa anawaza jambo moja. Akirudi bila korongo, jina lake lingekuwa wimbo wa bombani mpaka uzeeni.

Wakaondoka Jumamosi alfajiri kwa lori la Makame. Filemoni alikuwa amemwomba ruhusa mchungaji wake kukosa ibada ya Jumapili, akidai anakwenda kutazama kazi ya Mungu. Usiku walilala Rujewa kwa shangazi yake Waridi, na asubuhi wakafika ukingoni mwa mbuga ya maji. Ilikuwa pana mno. Nyasi, vidimbwi, nyasi tena, na yangeyange weupe wametapakaa kila mahali. Mbali kabisa, korongo wawili wakubwa wenye shingo nyeupe walikuwa wanadonoa taratibu.

Waridi alitaka kupiga vigelegele. Filemoni akaweka kidole mdomoni.

"Masharti," akanong'ona. "Kwanza, kimya. Pili, nguo za kaki. Tatu, tunainama. Mama Alawi, kanga yako nyekundu itatuharibia. Kaa hapa na birika."

Wakaenda wanaume watatu, mmoja nyuma ya mwenzake, wameinama, wananyata. Hawajafika hata nusu ya njia, korongo wakanyanyua vichwa, wakapiga mbawa, wakaruka. Wakatua mbali zaidi. Wanaume wakazunguka kwa upande wa pili, safari hii wakitambaa kwenye tope. Makame akapoteza kiatu. Korongo wakaruka tena, na yangeyange wote pamoja nao, mbuga ikabaki tupu kama uwanja wa shule siku ya likizo.

Waridi alikuwa amepanda juu ya kichuguu, anawatazama. Aliona wazi kwamba ndege hawakushtuka pale watu walipotoka kwenye lori wakibamiza milango. Walishtuka watu walipoinama. Ndipo akajipiga paja kwa hasira, na hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe. Miaka kumi ya kukaa kwenye nyumba ya bati ilikuwa imemsahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa Usangu analijua! Anayenyata kwenye mbuga ile ana gobori au ana mtego. Korongo wanamjua tangu enzi za bibi zao. Lakini wakata milulu wanapita wima, wameweka mizigo kichwani, wanaimba kwa sauti kubwa, na hakuna ndege anayejisumbua nao.

Akachukua panga walilopewa na shangazi la kukatia kuni za chai, akaingia kwenye maji.

Saa tano wanaume walirudi wamechoka, wamejaa matope mpaka masikioni. Korongo walikuwa wamesharudi mahali pao pa asubuhi. Filemoni akaketi, akatoa daftari na kalamu. "Nitaandika tu ukweli," akasema. "Wapo, lakini kinda halikuonekana."

"Funga kalamu hiyo, Mwalimu," Waridi akasema. Miguuni pake palikuwa na matita manne ya milulu, yamefungwa vizuri. "Kila mtu abebe la kwake. Kichwani. Tunakwenda wima na tunaimba. Mimi natangulia, nyinyi mnaitikia."

Makame akatazama matita, kisha akatazama nyuma kama kuna mtu wa Iringa anayemwona. "Shemeji, mizigo ya kichwani ni ya kina mama."

"Ndiyo maana kina mama wamemwona korongo, na nyinyi mmeona mkia wake."

Filemoni alifungua mdomo kusema masharti, lakini Zubery alikuwa ameshasogea. Alisimama mbele ya mkewe, akavua kofia yake ya viua, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akainamisha kichwa.

"Nitwike, Mama Alawi," akasema. "Na unisamehe kwa kicheko kile."

Waridi akamtwika. Furaha aliyoisikia pale aliificha kwa kumkemea asimame sawasawa. Baada ya hapo wale wengine wangesema nini? Wakatwikwa.

Wimbo aliouanzisha ulikuwa wa zamani, wa mama mkwe anayedai vikapu saba na hatoi hata uji. Waridi anataja kikapu, wanaume wanaitikia "Bado hajashiba!" Mwanzoni waliitikia kwa aibu. Kufika kikapu cha tatu Makame alikuwa anaunguruma kuliko lori lake, na Filemoni, ambaye kanisani alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne, akashika ya chini kabisa ikajaa mbuga nzima.

Korongo wakanyanyua vichwa. Waridi hakupunguza mwendo. "Kikapu cha nne!" akaimba. "Bado hajashiba!" Korongo wakawatazama, wakawapuuza, wakaendelea kudonoa.

Wakapita hatua ishirini tu kutoka kwao. Zile nyuso nyekundu, zile ndevu mbili zinazotikisika, hata jicho la rangi ya chungwa lilionekana. Na katikati, juu ya chungu ya majani makavu iliyozungukwa na maji, kinda moja la hudhurungi limesimama kwa miguu isiyojua bado kazi yake. Mama yake akaliwekea kitu mdomoni. Darubini ilikuwa inaning'inia kifuani mwa Filemoni na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika tita, lakini hakuihitaji. Machozi yalikuwa yanamteremka kwenye tope la mashavu, na bado anaitikia kwamba mama mkwe hajashiba.

Waliporudi kwenye lori Waridi alipiga vigelegele vilivyokuwa vimemkaa kooni tangu asubuhi. Makame alicheza na kiatu kimoja.

Filemoni akafungua daftari kwenye ukurasa wa masharti ya chama, akafuta kwa mstari sharti la kwanza, la pili na la tatu. Kisha akamtazama Waridi kwa heshima. "Nikuandike vipi, mama?"

"Naandika mwenyewe."

Akapokea kalamu. Waridi hakupata kukaa darasani kwa mwalimu kama Filemoni, lakini chuoni kwa maalimu, akisoma Kurani, alikaa miaka mitano. Akaligeuza daftari, akafungua ukurasa wa mwisho, ambao kwa maandishi yake ndio wa kwanza, akaandika kutoka kulia kwa herufi za Kiarabu, polepole na kwa mkono mzuri. Filemoni akasogeza uso karibu, akalitazama, akashindwa kulisoma.

"Zubery," akauliza, "ameandika nini?"

Zubery akasoma kwa sauti, kila mtu asikie: "Waridi binti Saidi. Korongo wa ndevu na kinda lake. Nilisema."

Njia nzima ya kurudi Waridi alikaa mbele, daftari likiwa mapajani. Walipoingia Iringa kesho yake alimwambia Makame apitie bombani kwanza, tena polepole, kisha asimamishe lori hapo hapo, na wanaume wote watatu wakapanda nyuma, wakasimama kila mmoja na tita lake kichwani, wakimwitikia.