Pete Isiyohesabiwa

Samaki wetu alianza maisha akiwa jike. Hakuna la ajabu hapo. Chewa wa aina yake wote huanza majike, na wachache wanaojaliwa kukua sana ndio hugeuka madume. Dada yangu, mtafiti wa samaki katika kituo kidogo kando ya bahari, alimtoa mtegoni akiwa bado anaenea kwenye ndoo, akamtia katika tangi la saruji nyuma ya maabara. Siku hizo tulimwita Bibie. Alipogeuka dume tukambadilishia jina, akawa Shemeji, maana dada alikuwa hajaolewa na jioni zake zote zilikuwa za samaki huyo.

Mama hakupendezwa. Alisema mkwe gani huyu, hana hata miguu ya kuja kumwamkia mama mkwe.

Mimi ni mlezi wa samaki hapo kituoni. Nasugua matangi, nachunga pampu ya hewa, nakata ngisi. Kazi alinitafutia dada, na walikuwapo watu wa kusema nimebebwa. Niliwajibu kwamba ni kweli nimebebwa, tena mgongoni, tangu sijaota meno, na aliyenibeba hajawahi kulalamika. 

Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe viwili vyeupe, kimoja katika kila sikio. Kijiwe hukua pamoja na samaki, tabaka juu ya tabaka. Ukikikata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini unaona pete, kama unazoziona kwenye gogo lililokatwa. Kwenye bahari za baridi pete hizo ni wazi na hazina ubishi: moja, mwaka mmoja. Maji yetu ni ya moto mwaka mzima, pete zake ni hafifu, na wataalamu wakubwa waliandika kwamba huku zinaota mbili kwa mwaka. Dada akasema hapana, ni moja. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni ugomvi wa watu wasio na kazi. Lakini kama ni mbili, chewa mkubwa mwenye pete thelathini ana miaka kumi na tano, mvueni tu, wengine wanakuja. Kama ni moja, ana thelathini, na atakayeziba pengo lake atakuja watoto wetu wakiwa na mvi.

Ili kuthibitisha, dada aliwachoma chewa watano sindano ya dawa inayoacha alama ndani ya kijiwe, alama inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Baada ya hapo ni kusubiri miaka, kisha kuhesabu pete zilizoota juu ya alama. Wanne walikufa mapema mno, siku umeme ulipokatika na pampu ikasimama. Akabaki Shemeji.

Na kijiwe hakitolewi kwa samaki aliye hai. Dada alijua hivyo tangu siku ya sindano. Mimi nilijua. Mama hakujua.

Dada alikufa mwaka jana. Figo. Aliuficha ugonjwa mpaka maji yakazidi unga, akalazwa, na hakurudi. Nilipotoka mazikoni nilikwenda kituoni moja kwa moja, maana samaki hawajui msiba, nikamtupia Shemeji ngisi. Hakugusa. Alijibana kwenye kona chini ya bomba, ubavu kwenye saruji, na ngisi akaozea majini. Wiki zikapita. Nilibadilisha chakula, nikabadilisha maji, nikamtukana, nikambembeleza. Alibaki kichwa tu na mkia.

Ndipo mama akaja kuchukua vitu vya marehemu: ndala, koti jeupe, kikombe. Alisimama kando ya tangi amevikumbatia. Kwenye ukingo kulikuwa na kijiko cha dada. Mama akakiokota, akagonga ukingo: ko, ko-ko. Ndivyo alivyokuwa akigonga sufuria kutuita tuje kula, tulipokuwa watoto. Sikuwahi kufikiria kwamba dada, aliyemlisha peke yake jioni mimi nikiwa nimeshaondoka, alimwita samaki wake kwa mlio wa jikoni kwetu.

Shemeji akatoka konani. Alikuja taratibu, kama mgonjwa anayejaribu miguu, akafungua domo lake pana mbele ya mkono wa mama.

Tangu hapo mama alikuja kila jioni. Alimpasha habari za nyumbani, nani kaoa, nani kagombana na nani. Alimwita "mkwe wangu" bila kucheka. Mimi nilisikiliza kutoka kwenye matangi mengine, nikifanya kazi ambazo nilishazimaliza.

Juzijuzi mkuu wa kituo aliniita ofisini. Ni mtu mpole, akitaka kusema zito hufuta miwani kwanza. Akafuta. Alisema mkutano wa kupanga sheria mpya za uvuvi umekaribia, wenye pete mbili watakuwepo, na sisi tuna samaki mmoja tu wa kuwajibu kwa kijiwe chake. Nilimwambia samaki yule haguswi. Nilimwambia kwa sauti iliyowatoa watu maabara. Nikasema wataalamu wakitaka kijiwe wapasue vichwa vyao, huenda wakakuta jiwe zima.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika.

"Miaka hii yote si yangu, ni ya dada yako," alisema. "Tukinyamaza, wataandika kwamba alikuwa anaota."

"Basi mwambie mama wewe."

Akafuta tena miwani iliyokuwa safi. "Mama ni wako, kijana."

Nilimwambia mama jioni hiyo hiyo, pale tangini, Shemeji akiwa anamsubiri. Nilieleza vibaya. Nilianza na dawa, nikarukia mkutano, nikarudi kwenye taa ya zambarau, nikizunguka mbuyu wangu mwenyewe, mpaka mama akaniuliza kama ninachosema ni kwamba mkwe wake anachinjwa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama binti yake alijua. Nikasema yeye ndiye aliyepanga.

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Shemeji alizunguka mara moja, akarudi, akatoa kichwa.

"Angekuwepo, angefanyaje?"

"Angelia, mama. Halafu angefanya."

"Basi lia," akasema, "halafu ufanye."

Sisi hatuwapigi rungu. Unatia mafuta ya karafuu kwenye maji, samaki analewa, anasinzia, unaongeza, hasikii tena. Mama alimlisha kwanza, ngisi mzima mzima, mpaka akashiba. Kisha akakiweka kijiko mfukoni, akaniambia atanisubiri nje. Sikumruhusu mtu mwingine kumimina. Harufu ya karafuu ilijaa chumba kizima, harufu ya jikoni, na Shemeji akalala ubavu taratibu. Nilimshika tumboni asigonge saruji. Nililia kama nilivyoagizwa.

Kijiwe kilikaa siku kadhaa ndani ya gundi ngumu, kikakatwa, kikasuguliwa mpaka kikawa chembamba kama ukucha. Mkuu mwenyewe alikiweka kwenye hadubini na kuwasha taa ya zambarau. Alama ya dada ilikuwepo, mstari wa kijani unaowaka. Akazima, akawasha taa ya kawaida, akahesabu kutoka pale kwenda ukingoni. Tangu sindano ilikuwa imepita miaka minne kamili.

"Pete nne," alisema. "Si nane. Nne. Dada yako..." 

Nikachungulia. Nilihesabu tano.

Akanionyesha. Kati ya pete ya tatu na ya nne palikuwa na mstari mwembamba, mweusi, mkali kuliko yote. Ule si mwaka, alieleza. Samaki akiugua au akiacha kula, kijiwe husita kukua, na palipositwa hubaki weusi.

"Tunaiita pete ya uongo. Haihesabiwi."

"Uongo wa nani?" niliuliza. Nilikuwa nimesimama, ngumi zimekaza, na sikujua nataka kumpiga nani. Aliyestahili kupigwa hakuwemo chumbani.

Mkuu alitazama tena tarehe ya sindano na nafasi ya ule mstari. Nadhani ndipo alipoelewa. Alinipisha kiti, akatoka, akaurudisha mlango polepole.

Kazi yangu ilikuwa kuweka nukta kwa kalamu juu ya picha, nukta moja kwa kila pete ya mwaka, ili watu wa mkutano waone. Niliweka nne. Ile nyeusi nikaipita. Hesabu ni ya dada, na dada hakupenda kudanganya hata kwa mapenzi.

Mama nilimwita achungulie. Alifumba jicho moja, akafumba lisilotakiwa, nikamsaidia. Nilimwelekeza ulipo ule mstari na kumwambia ni wa lini. Alikaa na jicho pale kwenye chombo muda mrefu.

"Kwa hiyo na yeye alikaa matanga," akasema.

Jioni ya pili nilikuwa nikisugua tangi la Shemeji. Hakuna aliyeniagiza. Pampu ilikuwa bado inanguruma, ikipuliza hewa kwenye maji yasiyo na mtu. Nilikuwa nimeshakaza mkanda mpaka tundu la mwisho, na tangu karafuu sikuwa nimetia kitu cha maana tumboni, ila nilidhani hilo ni langu na halimhusu mtu.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa na bakuli mkononi, lile lile alilokuwa akimlishia Shemeji ngisi.  Nilijua amesahau, na kwamba sasa ni mimi wa kumkumbusha.

"Mama, hayupo."

"Nina macho." Aliliweka bakuli kwenye ukingo, akafunua. Chakula cha nyumbani, kinafuka mvuke. "Wewe umekula lini?"

 Nikaendelea kusugua palipokwisha kung'aa.

"Sitaki na wewe uwe na pete nyeusi," alisema. "Mimi sina hadubini ya kukuona."

Kisha akatoa kijiko mfukoni, akagonga ukingo wa tangi: ko, ko-ko.

Nikaacha brashi, nikaja.