Kamanda Chini ya Mkeka

Watu wakinisikia namsema Kamanda huniambia, "Lagimaina, mwanamke mzima wewe, punguza ulimi." Sipunguzi ng'o! Mtu amekuta wenzake wana mila zao, wanaoana, wanazikana, wanagombana na kupatana kwa utaratibu wao, halafu anapandisha bendera kilimani na kuanza kuwafundisha namna ya kuishi. Ulimi nimpunguzie wa nini? Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja bandarini kwetu Pago Pago, wenyeji tukaugua.

Mwanzoni Wamarekani wenzake walitaka mahali pa kuweka makaa ya meli zao tu. Wakapewa. Wazee wakatia saini, wakala nyama ya kopo, wakarudi majumbani wanajipongeza. Kumbe anayeomba mahali pa makaa anakuja na jiko zima! Mara sheria ya vyoo, mara sheria ya mbwa, mara kila kijiji kikaushe mbata na kumpelekea. Mwisho ikaja ile iliyonigusa mimi mwenyewe: marufuku kusafiri kwa makundi kwenda sherehe za vijiji vingine, na marufuku kupeana mikeka. Ati tunapoteza muda. Ati mikeka inatufanya wavivu.

Na mimi nilikuwa naolewa, jamani.

Mchumba wangu Tavita alikuwa mtu wa Leone, upande wa pili wa kisiwa. Kwao nguruwe na magimbi vilikuwa tayari, kilichobaki ni mkeka kutoka kwetu. Si mkeka wa kukalia, la. Ni ule mwororo wa majani ya mkadi, uliosukwa mwembamba mpaka unakunjika kama kitambaa, na manyoya mekundu ukingoni. Mama yangu, Fuatino, alianza kuusuka akiwa na mimba ya kaka yangu Ielemia, akaumaliza mimi nikiwa nimeota meno. Bibi harusi asiye na mkeka kwetu ataolewa, ndiyo, lakini kwa wakwe ataitwa wa kuokotwa mpaka azeeke. Mikeka mikubwa ina majina, na msemaji wa ukoo huyatangaza mbele za watu. Wetu ulikuwa bado haujapata jambo la kuupa jina.

Ielemia na wenzake wakaondoka nao kwenda Leone. Hawakufika. Askari wa Kamanda waliwakamata njiani, kaka akapelekwa kuponda mawe ya barabara, na mkeka ukachukuliwa kuwa ushahidi. Ushahidi! Haukupita muda tukauona huo ushahidi wenyewe: Kamanda ameukunja, ameuweka kwenye mashua yake, ameukalia.

Mama hakulia. Aliitazama mashua ikikatiza bandari, akasema, "Macho yangu nimeyaulia pale, na yule ameyaweka chini ya matako." Kutoka Leone, mama yake Tavita akatuma salamu: tunangoja, wakwe zetu, lakini nguruwe hawangoji.

Basi asubuhi moja, jua halijatoka vizuri, ikashuka mvua ya kwetu, ile isiyopiga hodi. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza ukitoka ufukweni, na nyumba zetu ni nguzo na paa, hazina kuta, kwa hiyo mimi na mama tuliona yote. Mashua ya Kamanda ikafika, amekuja kukagua vyoo. Akaruka nje, akajifunika kichwani kitu cha kwanza alichokishika, akakimbilia kwetu. Kwenye tope letu akateleza, puu! Mguu ukateguka. Akabaki ameketi palepale mbele ya nyumba, ameinama, anagugumia, na kichwani amefunikwa mkeka wa mama yangu. Mabaharia wake wakarudi mashuani kutafuta ubao wa kumbebea.

Mjomba Leatuvao, msemaji wa ukoo wetu, alikuwa ndiyo kwanza anaamka. Kuteleza hakukuona. Alichokiona ni mtu mkubwa, alfajiri, ameinama chini ya mkeka mwororo mbele ya nyumba ya watu aliowakosea. Na kwetu hilo lina maana moja tu. Mwenye kosa kubwa huja hivyo, hasemi neno, anangoja. Waliokosewa wakitoka wakamfunua, amesamehewa, na mkeka ni wao. Wasipomfunua, wanaweza hata kumpasua kichwa, na hakuna wa kuwauliza.

"Dada," mjomba akasema, machozi yanamlengalenga, "kumbe yule naye ana mama aliyemlea!"

Nikamnong'oneza mama, "Lakini ameteleza. Si tumemwona?"

"Nyamaza. Hata wanaokuja kwa miguu yao, kuna mahali waliteleza."

Kijiji kizima kikatoka nje kwenye mvua, kikaketi chini kuzunguka uwanja. Hakuna aliyecheka. Mama naye hakuinuka. Maji yakawa yanachuruzika kwenye manyoya mekundu.

"Mama, mkeka unalowa!"

"Mkadi wake niliuloweka baharini kwa mikono yangu. Hauogopi maji. Mwache yeye alowe."

"Fuatino," mjomba akasema, "ukimfunua umemsamehe. Hakuna msamaha wa nusu."

"Na la Ielemia?"

"Na la Ielemia."

Kaka alikuwa bado kule anaponda mawe, viganja vimemchanika. Na mkeka ulikuwa hatua chache kutoka kwetu, na mimi harusi yangu yote ilikuwa chini ya mkeka ule pamoja na yule mtu. Nilidhani mama hatainuka kamwe. Akainuka. Akaingia mvuani, akaufunua mkeka taratibu, akaukunja kifuani pake.

"Nimekusamehe, mwanangu," akamwambia. "Inuka."

Mjomba akaegemea fimbo yake, akatupa usinga begani, akaanza kuhutubu kuhusu amani. Kamanda akatoa macho, mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Hapo akafika Viliamu, mkalimani wake, binamu yetu huyo aliyejiuza kwa kofia na viatu.

"Wanasemaje?" Kamanda akauliza.

Viliamu akavua kofia. "Wanasema wamekusamehe, bwana."

"Wamenisamehe?" Kamanda akacheka, na maumivu yake yote. "Kwa lipi?"

Na Viliamu, mjinga yule, akatutafsiria na hilo.

Hotuba ya mjomba ilikatika katikati ya neno. Mama akamtazama Kamanda, akamtazama kweli, kama mtu anayetafuta usawa wa uzi. Halafu akasema, "Basi msamaha naurudisha. Mkeka siurudishi."

"Dada! Mila haiko hivyo! Ukirudisha kimoja, unarudisha vyote."

"Mila ni ya anayejua alichokosa. Huyu hana kosa, kasema mwenyewe. Mtu asiye na kosa namsamehe nini? Alikuja kuniletea mkeka wangu tu. Mwambieni ahsante."

Baharia mmoja akataka kuja kuuchukua. Wanawake wakasogea, wakaketi kumzunguka mama bega kwa bega, na mimi mbele yao. Angemfikia kwa kukanyaga vichwa tu. Kamanda akapunga mkono: "Waachie. Takataka hizi zimejaa kisiwa kizima." Wakamlaza kwenye ubao, wakambeba kama nguruwe wa karamu. Shangazi mmoja akamsindikiza kwa sauti: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Tulivuka mlima kwenda Leone, mkeka nimejizungushia mwilini chini ya gauni. Askari waliotukagua njiani walimwona bibi harusi mnene, wakakonyezana. Wakonyezane tu.

Mbele ya wakwe mjomba akaukunjua. Akasema kwamba sasa una jina, na jina lake ni Kwa Lipi. Akaeleza kisa chote, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Vicheko vilipopungua, akajibu kutoka alikoketi: "Kwa Ielemia."

Mzee mmoja wa Leone akasema, "Kwa kaburi la baba yangu, walilopitishia barabara." Mwingine akasema, "Kwa mbata zangu." Mwingine, "Kwa kunitukana mbele ya wanangu." Hata mama yake Tavita alikuwa na lake.

Toka siku hiyo ndivyo ilivyo. Mkeka umepita nyumba nyingi, kwenye ndoa na misiba, na kila unapotolewa msemaji hutaja jina, watu wakajibu. Kamanda yule alikwenda zake, akaja mwingine, na mwingine. Juzi ulirudi kwetu, kwenye mazishi ya mama. Msemaji akasimama, akaita, "Kwa Lipi!" Tukaanza kujibu. Magimbi yalipoa tukiwa bado tunajibu.